Umebofya Wapi?

Karakana ya Miguu
Jumanne, 18 Agosti

Waya,

Salamu utazikuta mwisho wa barua, kama nitakuwa nimepoa.

Leo saa tatu asubuhi Mwalimu ameanguka. Ni yule mwalimu wa darasa la pili niliyekuandikia habari zake mwezi wa tano, aliyekatwa mguu chini ya goti baada ya ajali. Alishika vile vyuma viwili vya mazoezi, akapiga hatua ya kwanza, akapiga ya pili, na kwenye ya tatu mguu mpya ukazunguka kama kofia ya kuazima. Amepiga kiwiko sakafuni. Nilikuwa mita moja tu kutoka kwake na sikumwahi.

Kigutu chake kimepungua. Hilo si ajabu, kila kigutu hupungua miezi ya mwanzo, ndiyo maana Alhamisi nilimpima upya, asubuhi mara moja na alasiri mara moja, vile Baba alivyotufundisha, kwa kuwa nyama ya asubuhi si nyama ya alasiri. Nikaingiza vipimo kwenye programu yako. Ikaniambia "Imehifadhiwa". Nikaiamuru mashine ichonge. Mashine ikachonga kikombe, pale kigutu kinapoingia, kwa vipimo vya mwezi wa tano. Nimekipima kwa futi kamba yangu mwenyewe. Kimezidi sentimita mbili na nusu kwenye mzunguko. Ungeweza kumtilia na kitambaa cha meza humo ndani, na mguu bado ungecheza.

Sasisho ulilotutumia nililiweka Jumatano, siku moja kabla ya kumpima. Kabla ya hapo nimefanya kazi na programu hii miaka miwili na mashine haijawahi kunichongea mguu wa zamani. Kwa hiyo naomba uniambie umeifanya nini.

Shule zinafunguliwa Jumatatu, tarehe 7 Septemba. Mkuu wa shule amemwambia waziwazi kwamba siku hiyo akiwa amesimama mbele ya watoto, darasa ni lake. Akija na magongo, atapelekwa ofisini kupiga mihuri, na darasa litabaki kwa huyo aliyemshikia. Kuandika ubaoni na magongo mawili haiwezekani. Nimemwona akijaribu kwenye ukuta wangu kwa kipande cha chaki, na sitaki kumwona akijaribu tena. Tuna siku ishirini.

Usinipigie simu. Kwenye simu unanizidi maneno, nikikata najikuta nimekubali nisichokikubali. Andika.

Sijapoa.

Dada yako


Jumatano, 19 Agosti

Shikamoo Dada,

Pole sana, na umfikishie Mwalimu pole zangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Ninachokwambia nakwambia kama fundi, si kama mdogo wako, kwa hiyo usinikasirikie. Sasisho hili limekwenda kwenye karakana tisa na hakuna hata moja iliyolalamika isipokuwa yako. Likianza kujiweka huuliza swali moja tu, faili za wateja zikae wapi. Jibu sahihi limeshaandikwa pale. Kazi ya mtumiaji ni kutoligusa. Kwa uzoefu wangu, faili zikipotea, mara tisa kati ya kumi kuna mtu amebofya mahali. Hakusudii, mkono unakwenda tu. Jaribu kukumbuka polepole: umebofya wapi?

Fanya hivi. Ondoa programu yote. Zima kompyuta, iwashe. Weka sasisho upya, na kila likiuliza, bofya "Endelea" bila kubadilisha neno. Mpime Mwalimu tena, ingiza vipimo, chonga. Nimekuandikia hatua zote kumi na tano hapa chini. Zifuate kama zilivyo, usiruke.

Na Dada, tangu Baba atutoke unafanya kazi ya watu wawili. Kuchoka si aibu, na umri nao unasogea. Hata Baba mwishoni ilimtokea.

Mdogo wako,
Waya


Ijumaa, 21 Agosti

Kwa Bwana Waya, mtengenezaji wa programu,

Anwani yako nimepewa na dada yako. Hakutaka kunipa, nilimwomba mara tatu, na mara ya tatu nilitumia sauti ya darasani.

Mimi ndiye mwenye mguu. Nimesikia mnaandikiana habari zangu, nikaona na mimi si vibaya nikiandika.

Jana dada yako aliondoa programu yako na kuiweka upya mbele ya macho yangu. Hatua zako kumi na tano alikuwa amezinakili kwenye daftari kwa wino mwekundu, na kila akimaliza moja aliitia alama ya vema. Nimefundisha miaka kumi na minne. Mtoto anayefuata maelekezo namjua, na anayebahatisha namjua. Nilikaa nyuma yake, tukawa tunasoma skrini pamoja, na kidole chake hakikugusa kitu ambacho hukumwagiza. Akanipima asubuhi, akanipima alasiri. Leo mguu ulikuwa tayari. Nimeuvaa na nimeanguka tena. Safari hii alinidaka, tukaenda chini wote wawili, na bonge la pili la plastiki limeharibika bure.

Nikiwa bado sakafuni nilimsikia akisema peke yake, "Labda ni mimi." Kisha akavitazama vidole vyake. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, Bwana Waya, si kwa sababu ya kiwiko changu. Mwanamke huyu ameshasimamisha watu wazima kwa mikono ile ile, na wewe kwa barua moja umemfanya aiogope.

Watoto wangu wakikosa hesabu wote, jambo la kwanza ninalofanya ni kugeuka nitazame kama swali nililiandika sawa ubaoni. Wewe hujageuka.

Nimebakiwa na siku kumi na saba. Mguu usipopatikana nitakwenda kupiga mihuri, na kila mhuri nitakaoupiga nitakutaja.

Mwalimu wa darasa la pili


Jumamosi, 22 Agosti

Waya,

Faili nimezipata. Keti kwanza.

Leo sikumfungulia mteja yeyote. Nilifunga mlango wa mbele, nikapima mguu wangu mwenyewe, mzima kama ulivyo, nikaviingiza vipimo kwa jina la "Dada Amechoka". Programu ikasema imehifadhi. Nikasema sawa, basi upo mahali fulani humu ndani, na mimi nitakupata. Nilifungua folda moja baada ya nyingine, kama mtu anayetafuta ufunguo mfuko kwa mfuko, tangu asubuhi mpaka saa saba mchana. Kwenye diski yetu ya kazi, mashine inakosoma, sikuwamo. Zilikuwamo faili za zamani tu, na Mwalimu wa mwezi wa tano akiwa mmoja wao. Ndiye yule yule ambaye mashine ilikuwa ikinichongea.

Nikahamia diski nyingine, ile ya kompyuta yenyewe, nikafungua folda ya watumiaji. Humo panapaswa kuwa na mtumiaji mmoja, anaitwa Karakana, ndiye mimi. Nikawakuta wawili. Wa pili anaitwa Rula. Ndani ya Rula kuna folda ya Wateja, na ndani ya Wateja nikamkuta Dada Amechoka, na Mwalimu wa wiki iliyopita, na Mwalimu wa juzi, na watu wengine sita niliowapima tangu sasisho lako liingie. Mimi sijabofya popote. Ni sasisho lako lililojijengea chumba nyumbani kwangu na kuwapeleka wateja wangu huko.

Sasa nisikilize vizuri. Kompyuta hii niliinunua wiki sita baada ya mazishi. Haijawahi kuwa na mtu anayeitwa Rula. Tunayemjua kwa jina hilo ni mmoja tu, baba yetu, kwa ile rula ya chuma aliyoitia mfukoni hata akienda harusini. Na kompyuta yenye jina hilo ilikuwa moja tu, ya kwake. Siku ya nne baada ya kumzika, mbele ya Shangazi, uliniambia diski yake imeungua, hakuna kitakachopatikana, ukaitia kwenye begi lako eti ukaitupe kunakotupwa vitu vya umeme.

Nilikuomba vipimo, Waya. Nilikuomba ukiwa umesimama mlangoni na begi begani. Baba alikuwa na watu mia mbili na kumi na wanne mle ndani. Nimewaita na kuwapima upya mmoja mmoja. Ambao hawakuweza kurudi wanavaa miguu inayowachubua mpaka leo, kwa kuwa vipimo vyao, ulisema, vimeungua.

Sitaki tena kujadili nimebofya wapi. Kompyuta ya Baba iko wapi?

Dada yako


Jumapili, 23 Agosti

Dada,

Unachanganya mambo mawili kwa sababu una hasira. Rula ni jina tu. Mafundi wa programu huwa tunaweka majina ya watu tunaowaheshimu humo ndani, na mimi niliweka la Baba. Kuna kosa dogo kwenye anwani, nakubali, limepenya.

Kulirekebisha ni dakika kumi. Hamisha faili zote za Wateja kwenye diski ya kazi. Kisha fungua programu, ingia kwenye mipangilio, na mahali palipoandikwa "Mahali pa kuhifadhi" andika anwani ya zamani. Maelekezo yako hapa chini. Mwalimu atapata mguu wake, na hilo ndilo la muhimu.

Hamisha faili za Wateja tu. Usifungue kitu kingine kwenye folda ya Rula, vitakuchanganya bure.

Waya


Jumatatu, 24 Agosti

Waya,

Hata shikamoo umesahau. Ndipo nilipojua.

Ungeninyamazia nisingefungua. Mimi na kompyuta tunasalimiana kwa mbali, nafungua ninachokihitaji basi. Lakini umeniambia nisifungue, na unanijua tangu ulipokuwa unatambaa. Nilihamisha wateja kwanza, vile ulivyosema, nikabadilisha anwani, nikampima Mwalimu asubuhi na alasiri. Kisha nikakaa nikafungua kilichobaki.

Kilikuwa faili moja ya maandishi. Jina lake "Mwambie Waya".

Najua umeisoma. Nakuandikia hapa baadhi ili uisome tena nikiwa nakutazama.

1. Mwambie Waya herufi ni ndogo mno.
4. Mwambie Waya ikiniuliza Una uhakika, iulize mara moja. Nina uhakika.
11. Mwambie Waya programu ni nzuri. Mteja wa leo amevaa akacheza dansi mlangoni.
27. Dereva wa lori. Nimempima 38, mashine imechonga 41. Mwambie Waya.
28. Waya anasema nimebofya vibaya. Nirudie polepole.
29. Nimerudia polepole. 41.
30. Nadhani programu inaweka faili mahali pasipo pake na mashine inasoma za zamani. Nimemwambia Waya mara tatu. Anauliza nimebofya wapi.
31. Dereva amepata kidonda. Labda ni mimi. Nimwachie binti kazi.
32. Waya akija mwezi wa kumi na mbili nitamwonyesha kwa macho yake.

Mwezi wa kumi na mbili hukuja. Mwezi wa tatu tukamzika.

Unakumbuka alivyoacha kazi? Hapana, hukuwepo. Asubuhi moja alitoa rula mfukoni, akaiweka kwenye droo, akaifunga droo, akatoka. Nilidhani ni macho. Nilimwambia, Baba, pumzika, umefanya kazi ya kutosha. Nikamtolea kiti nje ya mlango. Miezi sita alikaa kwenye kiti kile, mimi ndani nikichonga kwa mkono bila kompyuta yake, na kila mteja akipita yeye anamtazama miguuni halafu anatazama pembeni. Mtu aliyesimamisha nusu ya mji huu alikufa akiamini amesahau kupima.

Na alikuwa amepatia. Hiyo nambari thelathini ameandika mzee aliyejifunza kushika kipanya akiwa na miaka sitini na nane, na amelieleza tatizo lako vizuri kuliko wewe. Faili ziko mahali pasipo pake, mashine inasoma za zamani. Mimi nimetumia siku nzima na mlango umefungwa kuujua ukweli ambao Baba alishauandika.

Na wewe ulijua. Wiki iliyopita tu umeniandikia, "Hata Baba mwishoni ilimtokea." Uliyaandika hayo huku kompyuta yake iko mezani kwako. Nimeirudia sentensi hiyo mpaka nimetamani kuivunja skrini hii, ila ni ya kazi.

Usiniandikie mpaka uwe na la kweli.

Dada yako


Jumatano, 26 Agosti

Shikamoo Dada,

La kweli ni hili.

Kompyuta ya Baba iko hapa mbele yangu, nakuandikia kwayo. Diski haikuungua. Siku ya tatu baada ya mazishi, mkiwa mmekaa na wageni, nilikwenda chumbani kwake nikaiwasha nitafute picha zake. Faili hiyo ilikuwa katikati ya skrini. Nilipofika nambari thelathini nilifungua programu nikatazama ndani, na haikunichukua hata robo saa. Lilikuwa kosa langu. Sasisho nililomtumia mwaka ule ndilo lililokuwa linapotosha faili. Aliniambia mara tatu kama alivyoandika. Mara ya tatu nilikuwa kazini, na mwenzangu wa meza ya pili alikuwa anasikiliza, nikamwambia, "Baba, watu wazima wote wanasema programu, kumbe ni vidole." Mwenzangu akacheka. Baba naye akacheka, akasema haya mwanangu, uwe na kazi njema. Hakunipigia tena kuhusu hilo.

Kesho yake Shangazi akasema tuiwashe tuone kama kuna wosia. Nikasema imeungua. Neno likishatoka mbele ya watu sikujua namna ya kulirudisha. Wewe niliendelea kukupa toleo la kabla ya kosa, ndiyo maana miaka miwili hukupata shida.

Sikuitupa. Nilipofika kwangu nilifanya kitu ambacho hakuna fundi mwenye akili anaweza kukifanya. Nililirekebisha kosa la Baba, kwenye kompyuta ya Baba, mwezi mzima baada ya kumzika. Sikutafuta njia nzuri. Niliandika anwani ya folda yake ndani ya programu kwa mkono, herufi kwa herufi, ili faili zake zisipotee tena. Nikaingiza dereva wa lori, 38. Ikasoma 38. Nikalia pale, nikaiacha hivyo. Tangu siku hiyo programu ya miguu naiandikia kwenye kompyuta hii peke yake. Na nilipotengeneza sasisho la mwezi huu nilifunga folda yote ilivyo, nikaituma, na ile anwani ikiwa ndani, na orodha yake ikiwa ndani. Kila kompyuta iliyolipokea ilijengewa nyumba ya Baba.

Jana nimepiga simu karakana nyingine nane. Tatu kati ya hizo zimechonga miguu mikubwa wiki hii. Hawakulalamika kwa sababu mafundi wote watatu walidhani wamekosea wenyewe. Mmoja aliniomba radhi.

Nisamehe Dada. Nimeandika tangazo kwa karakana zote, utalipata leo. Kompyuta nitaituma kwa basi Ijumaa, pamoja na vipimo vyote mia mbili na kumi na vinne.

Mdogo wako,
Waya


Alhamisi, 27 Agosti

Waya,

Tangazo nimelipata, kama karakana nyingine yoyote. Unasema, "Baadhi ya watumiaji wanaweza kukutana na changamoto ndogo ya mahali pa faili." Nimelisoma nikiwa nimesimama, ikabidi nikae.

Baadhi ya watumiaji ni Baba. Changamoto ndogo ni kidonda cha dereva na kiwiko cha Mwalimu na mzee kwenye kiti. Nani amekufundisha kuandika hivi? Unaweza kuficha maiti ndani ya sentensi kama hiyo na mtu akapita juu yake na viatu.

Lifute. Andika jingine, na mstari wa kwanza useme kosa ni la programu na wewe ndiye uliyeiandika. Useme aliyechonga mguu mbaya hakukosea. Useme pia kwamba kosa la namna hii lilishagunduliwa miaka mitatu iliyopita na fundi wa miguu, ukamwambia amebofya vibaya. Jina lake huna haja ya kulitaja. Sisi tutalijua.

Na kompyuta usithubutu kuitia kwenye basi. Uliiondoa kwa mikono yako.

Msamaha wako nimeuona. Nimeuweka kwenye droo.

Dada yako


Jumamosi, 29 Agosti

Kwa karakana zote tisa,

Kosa ni la programu, na mimi ndiye niliyeiandika. Sasisho la tarehe 12 linaweka vipimo vya wateja mahali pasipo pake, na mashine inachonga kwa vipimo vya zamani. Kama umechonga mguu usioingia tangu siku hiyo, hukukosea. Hukubofya vibaya. Sasisho jipya limeambatanishwa, na kabla ya kulituma nimelijaribu kwenye kompyuta tatu zisizo zangu.

Kosa la aina hii liligunduliwa miaka mitatu iliyopita na fundi wa miguu mwenye uzoefu kuliko sisi sote. Aliniambia mara tatu. Nilimuuliza amebofya wapi. Aliacha kazi akidhani mikono yake imemwishia, akafariki bila mtu kumwambia kwamba alikuwa sahihi. Namwambia sasa, nikiwa nimechelewa.

Mkiona tatizo jingine niambieni. Sitawauliza swali hilo tena.

Waya


Karakana ya Miguu
Jumatatu, 7 Septemba

Waya,

Mwalimu amesimama.

Sikuchonga tena mpaka sasisho lako jipya lilipofika, kwa hiyo kikombe cha tatu kilitoka tarehe moja, na kiliingia bila kubishana. Wiki nzima alitembea hapa ndani kati ya vyuma, kisha bila vyuma, kisha uani kwenye kokoto. Leo nilimsindikiza shuleni, nikabaki dirishani na wazazi wengine. Aliandika tarehe ubaoni kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ulikuwa mtupu, hana cha kushika. Chaki ikamponyoka. Darasa zima likaitazama, mkuu wa shule naye mlangoni akaitazama. Mwalimu akainama akaiokota. Kisha akawauliza watoto wanatazama nini, kwani hawajawahi kuona chaki? Ameniambia nikufikishie kwamba mihuri imepata mtu mwingine, ila wewe bado hajakusahau.

Tangazo lako la pili nimelisoma. Nililichapa, nikalibandika ukutani juu ya mashine. Nitasema ukweli, ni kitu cha kwanza ulichoandika mwaka huu ambacho sikutaka kukirarua.

Ijumaa nilimwita dereva wa lori. Nilimsomea orodha, nambari ishirini na saba mpaka thelathini na moja, yeye amekaa na kofia mapajani. Kisha akaniambia, "Mimi nilimwambia mzee macho yake yamekwisha. Nilimwambia hapo hapo ulipokaa." Kwa hiyo tuko watatu. Wewe ulimwambia ni vidole, dereva akamwambia ni macho, mimi nikamtolea kiti. Nikikukasirikia wewe peke yako nitakuwa nakutwisha na mzigo wangu mwenyewe, na hilo nalo linanikasirisha.

Sijapoa, Waya. Sijui lini nitapoa na sitakudanganya kwa tarehe. Nikipita pale mlangoni naona alama nne za miguu ya kiti kwenye saruji, na nakuwaza, na maneno yanayonijia siwezi kuyaandika kwenye kompyuta ya kazi.

Lakini kuna kazi. Watu mia mbili na kumi na wanne wana vipimo vyao kwako, na wengine bado wanachubuka. Vilete. Chukua basi wewe mwenyewe, kompyuta uipakate mapajani safari nzima, usiiweke juu wala chini ya kiti. Utaifungua hapa kwenye meza yake. Utamwingiza dereva wa lori kwa programu ile ya zamani, uirudishe vile ilivyokuwa na kosa kabla hujairekebisha, polepole, bila kuruka hatua, na dereva mwenyewe atakuwepo. Mimi nitasimama nyuma yako nikitazama kidole chako, na sitasema kitu. Ikitoka 41, utajua Baba alikuwa anatazama nini siku ile.

Orodha yake nimeichapa pia. Kila nambari niliyojua imeshatimizwa nimeitia alama ya vema kwa wino mwekundu. Herufi umezikuza. Swali la uhakika linaulizwa mara moja. Kuanzia ishirini na saba mpaka thelathini na moja nimezitia leo, baada ya kutoka shuleni. Imebaki ya thelathini na mbili. Yeye hayupo wa kukuonyesha, kwa hiyo nitakuonyesha mimi.

Rula iko mfukoni kwangu. Shikamoo zako zote mbili sijaziitikia, nitaziitikia ukifika mlangoni.

Dada yako